Bustani ya Shule Isife Likizoni: Mwongozo wa Kushirikiana na Kanisa la Mtaani, Mombasa

Wiki ya kwanza ya Januari ndiyo inayotoa hukumu ya bustani ya shule. Mvua za vuli zimeshakatika, kaskazi inavuma, na jua limekausha kila kilichokosa mtu wa kukitilia maji. Nimepita malango ya shule kadhaa wiki hiyo, za Kisauni, za Likoni, mpaka Jomvu, nikakuta mambo yale yale: matuta yamegeuka vumbi, mbuzi wamelala palipokuwa na mchicha, na jembe moja limeegemezwa ukutani likila kutu. Oktoba hapo hapo palikuwa na mboga za kutosha sufuria ya shule.

Nilikuwa mwalimu mlezi wa bustani katika shule ya msingi ya umma. Bustani yetu ya kwanza ilikufa Desemba. Ya pili nayo ikafa Desemba. Ya tatu haikufa, maana mwaka huo akina mama wa kanisa lililo nyuma ya ukuta wetu walishika zamu ya kumwagilia. Tangu hapo nimesadiki kwamba bustani za shule zetu huuawa na kalenda kuliko kitu kingine chochote. Shule hufunga, kanisa halifungi. Jumapili huja kila wiki, na pamoja nayo huja watu wenye vikundi, viongozi, daftari na mazoea ya kugawana zamu. Uhusiano huu wa kanisa na shule kwenye udongo mmoja si mgeni kwetu. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa, yalikuwa na kanisa, shule na mashamba mahali pamoja, na kengele yake ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu ambao ningependa mtu angenipa mimi siku ya kwanza. Zingine ni fupi kwa kuwa hazina mengi. Zingine nimekaa nazo, kwa sababu ndipo watu hukwama.

Hatua ya 1: Hesabu mapengo yako kabla ya kumtafuta mshirika

Chukua kalenda ya mwaka ya shule na kalamu nyekundu. Piga mstari kwenye likizo zote tatu: wiki chache za Aprili, wiki chache za Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba inayokaribia miezi miwili. Kisha kando ya kila mstari andika hali ya hewa ya wakati huo, kwa sababu mapengo hayo hayafanani.

Aprili masika imeanza. Mvua inamwagilia yenyewe, unachohitaji ni mtu wa kung'oa magugu na kuzibua mitaro ili mboga zisioze. Agosti ni kusi, hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo na manyunyu huja huja. Hapo unahitaji mtu wa kuvuna, vinginevyo mabenda yatakomaa yawe magumu kama kamba. Novemba vuli bado inasaidia. Desemba ndiyo yenyewe. Ukimwendea mchungaji na kumwambia "tunaomba msaada wa bustani", atakuombea dua na mtaachana vizuri. Ukimwambia "tunaomba watu wawili, asubuhi na jioni, kuanzia Novemba tarehe fulani mpaka siku shule itakapofunguliwa Januari", utakuwa umempa kitu anachoweza kukitangaza madhabahuni.

Fanya pia hesabu ya maji. Kwa jua la kaskazi, chukua lita 5 kwa siku kwa kila mita moja mraba ya tuta. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 litakunywa lita 25. Matuta kumi ni lita 250, yaani mitungi kumi na miwili na nusu ya lita 20, kila siku ya Mungu. Tangi la lita 10,000 likiwa limejaa pomoni litakupeleka siku 40. Je, unalijaza na nini? Paa la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ni mita mraba 160. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 10 inakupa lita 1,600. Ukitoa zinazomwagika na kuvuja, zinabaki kama 1,200 au 1,300. Kwa hiyo milimita 80 hivi za mvua zinajaza tangi hilo, na vuli ya kawaida hapa kwetu huleta zaidi ya hapo. Sharti ni moja: magata yasafishwe na matundu yazibwe mwezi wa Septemba, kabla ya tone la kwanza. Mwaka tuliochelewa kwa wiki mbili tu, mvua nzuri ya mwanzo ilimwagikia uwanjani tukiitazama.

Hatua ya 2: Chagua kanisa lililo karibu kwa miguu

Usitafute kanisa kubwa. Kanisa kubwa lililoko upande wa pili wa kivuko cha Likoni litakuletea majembe mapya na picha nzuri siku ya uzinduzi, lakini hakuna mama atakayepanda feri saa kumi na mbili asubuhi kuja kumwagilia mnavu wako. Kipimo changu ni dakika kumi kwa miguu. Zaidi ya hapo zamu hulegea.

Ndani ya hayo yaliyo karibu, angalia lenye vikundi vinavyokutana siku za katikati ya wiki. Kwa Wakatoliki ni jumuiya ndogo ndogo. Hizi zimegawanywa kwa mitaa tayari, kwa hiyo jumuiya ya mtaa wa shule ina watu wanaopita langoni kwako kila siku. Kwa Waanglikana kuna Umoja wa Akina Mama. Makanisa ya kipentekoste yana idara za akina mama na za vijana. Uliza pia kama kanisa lina tangi au kisima, na kama liko tayari kukigawa. Ukikuta kanisa la Wasabato ndilo jirani yako, panga kazi za pamoja Jumapili, maana Jumamosi kwao ni siku ya ibada.

Jambo la kisheria ambalo walimu wengi hulichanganya: huenda shule yako ina kanisa ambalo ni mfadhili wake rasmi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wawakilishi watatu kwenye Bodi ya Usimamizi. Ikiwa ndivyo, anza na huyo mfadhili hata kama utafanya kazi na kanisa lingine, kwa heshima na ili kusiwe na manung'uniko baadaye. Ikiwa shule haina mfadhili, usimfanye mshirika wa bustani aonekane kama mfadhili. Mwambie mapema kwamba kumwagilia mboga hakumpi kiti kwenye bodi.

Unapokwenda, usiende peke yako wala usianze na barua. Nenda na mzazi mmoja ambaye ni muumini wa pale, mkae na mwenyekiti wa kikundi kwanza. Akikubali yeye, ndipo mwalimu mkuu aandike barua kwa padri au mchungaji. Barua ikitangulia, huishia kwenye droo ya ofisi. Na katika yale mazungumzo ya kwanza sema hivi, mapema kabisa: "Mama, hatujaja kuomba pesa." Utaona mabega yakishuka. Makanisa ya mitaa yetu yanaombwa pesa kila wiki, za matanga, za hospitali, za karo. Mtu anayekuja kuomba zamu badala ya harambee husikilizwa kwa sikio lingine.

Hatua ya 3: Wazazi Waislamu wasiwe wa mwisho kujua

Hapa nawaomba msiharakishe. Mombasa ni mji wa dini mbili mezani pamoja. Katika shule nyingi za umma watoto wengi ni Waislamu, na mzazi akisikia njiani kwamba "kanisa limechukua shamba la shule", ukweli hautamfikia tena hata uuandike kwa wino wa dhahabu. Ile sheria ya 2013 inayompa mfadhili nafasi ndiyo hiyo hiyo inayomtaka alinde dini za wengine. Lakini katika jambo hili sheria huja nyuma ya adabu.

Nenda kwa mwakilishi wa wazazi aliye Mwislamu, na ikiwezekana kwa imamu au ustadhi wa madrasa ya karibu, kabla karatasi yoyote haijatiwa sahihi. Mweleze kazi yenyewe ni ipi: kumwagilia, kupalilia, kuvuna likizoni. Muulize anaogopa nini, na uandike. Kwa uzoefu wangu maswali huwa haya, na kila moja lina jibu la kweli.

Watoto wetu watahubiriwa? Hapana. Hakuna mahubiri bustanini, wala vipeperushi, wala nyimbo za ibada wakati wa kazi ya wanafunzi. Mtu akitaka kuomba kabla ya kushika jembe, kila mmoja aombe kwa dini yake na kwa sauti ya chini.

Samadi inatoka wapi? Swali hili mwalimu mgeni wa Pwani hulipuuza na bustani nzima ikavunjika. Tumia samadi ya mbuzi, ya ng'ombe au ya kuku. Ya nguruwe isiingie langoni kabisa, hata iwe ya bure, hata iwe imeoza vizuri. Liandikwe hilo.

Mwezi wa Ramadhani je? Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo iangalie upya kila unapopanga. Mwezi huo watoto waliofunga wasipewe kazi ya kulima wala kubeba maji. Wakipenda, waandike kumbukumbu au wapande mbegu kitaluni kivulini. Hapo ndipo wale wa kanisa hushika zamu zaidi. Na Desemba, Krismasi inapokaribia na akina mama wa kanisa wamezongwa na shughuli, wazazi Waislamu huwapokea zamu. Kwetu hili lilianza lenyewe mwaka wa pili. Mzee mmoja wa msikitini, babu wa mwanafunzi wa darasa la tano, alikuja tarehe 24 asubuhi na wajukuu wake wawili, akasema, "Leo mama zetu wana sikukuu, tupeni hizo ndoo." Ningependa kila shule ilipange rasmi badala ya kungojea.

Mboga zikiuzwa kanisani, pesa zinakwenda wapi? Nitalijibu kwenye hatua ya 7, lakini kwa ufupi: hesabu husomwa shuleni, mbele ya wazazi wote.

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja wa makubaliano

Uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ili mlinzi na mama wa zamu wausome wenyewe. Uandikwe ardhi ni ya nani, na kwamba kuilima hakumpi mtu haki juu yake. Mombasa migogoro ya ardhi haiishi, usiache mwanya. Uandikwe nani anamwagilia lini, maji yanatoka wapi na nani analipa bili, mavuno yanagawanywaje, yale masharti ya dini mliyokubaliana, na namna ya kuachana mmoja akichoka: mimi hupenda taarifa ya muhula mmoja. Watie sahihi mwenyekiti wa Bodi, mwalimu mkuu ambaye ndiye katibu wa Bodi, kiongozi wa kanisa, na mwenyekiti wa kikundi chenyewe kitakachofanya kazi. Huyo wa mwisho ndiye muhimu.

Ongeza mistari miwili ambayo si ya kujadiliwa. Wa kwanza: mtu mzima kutoka nje hakai peke yake na mtoto, na kila anayeingia hujiandikisha langoni. Wa pili: bustani haitakuwa mahali pa adhabu. Mtoto aliyechelewa shule akitumwa kulima, umemfundisha kwamba jembe ni fimbo, na utavuna chuki hiyo miaka mingi. Nimeona watoto waliopenda kilabu cha 4-K, kile cha kilimo cha wanafunzi, wakikikimbia muhula mmoja tu baada ya mwalimu wa zamu kuanza kuwapeleka wakosaji bustanini. Serikali ilipokifufua kilabu hicho mashuleni mwaka 2021, kaulimbiu yake ilibaki ile ya zamani, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Hakuna neno la kuadhibu humo.

Hatua ya 5: Ufunguo

Hatua hii ni ndogo kwa maelezo, lakini imeua bustani nyingi kuliko ukame. Ile bustani yetu ya pili ilikuwa na kila kitu: makubaliano ya mdomo, akina mama sita, tangi limejaa. Jumamosi ya kwanza ya likizo wakafika saa kumi na mbili na nusu. Mlinzi alikuwa mpya, hakuna aliyemwambia. Akawarudisha, na alikuwa na haki, kazi yake ni kulinda. Wakarudi Jumatatu, wakarudishwa tena. Mwalimu mkuu alikuwa bara kwa matanga na simu haishiki. Watu wakirudishwa langoni mara mbili hawaji ya tatu. Nilipopata habari zilikuwa zimepita wiki tatu, na kilichobaki hai kilikuwa mpapai mmoja uliokuwa karibu na choo.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya kufunga: orodha ya majina ya wenye zamu ibandikwe kwenye kibanda cha mlinzi, ikiwa na muhuri wa shule. Akina mama waje waonane na mlinzi uso kwa uso, wa mchana na wa usiku. Ufunguo wa tangi na wa stoo ya vifaa uwe na nakala mbili, moja kwa mlinzi, moja kwa mwenyekiti wa kikundi. Na awepo mtu mmoja wa shule, anayeishi mtaani na si wa kusafiri, ambaye atapigiwa simu jambo likitokea. Mtaje kwa jina kwenye orodha.

Hatua ya 6: Udongo, na takataka njema za kanisa

Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Ukichimba kina cha mkono unagonga mwamba, na udongo ulio juu yake ni wa chokaa au mchanga mtupu. Kwa hiyo usichimbe chini, inua juu. Jenga tuta la sentimita 30 kwa kulizungushia mawe hayo hayo ya matumbawe au vifuu na makumbi ya nazi, ulijaze udongo uliochanganywa na mboji na samadi iliyooza. Upande wa Changamwe na Jomvu utakuta udongo wenye kina zaidi, hapo kazi inapungua.

Tahadhari moja ambayo huwashangaza watu waliokulia bara: usimwage jivu jingi. Kule kwenye udongo mchachu jivu ni dawa. Udongo wetu una chokaa ya kutosha, na jivu huizidisha. Ukiona majani machanga yamekuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, mara nyingi ni chokaa inaizuia mimea kupata madini ya chuma. Dawa yake ni mboji, na mboji zaidi.

Mboji kanisa linayo, halijui tu. Maua ya madhabahuni hunyauka kila wiki na kutupwa. Baada ya Jumapili ya Matawi kuna lundo la makuti. Baadhi huhifadhiwa kwa ajili ya Jumatano ya Majivu ya mwaka unaofuata, lakini mengi hubaki. Sherehe na harusi huacha maganda ya ndizi, ya viazi, ya vitunguu. Muombe mwenyekiti wa usafi aweke gunia moja pembeni, vijana walilete kila Jumatatu. Panga matabaka: majani makavu, maganda mabichi, samadi kidogo, nyunyizia maji, rudia. Geuza kila baada ya wiki mbili. Katika joto letu, miezi miwili hadi mitatu inatosha.

Anayeshuku kwamba udongo unaweza kutengenezwa juu ya matumbawe, mpeleke na wanafunzi wake Bamburi, Haller Park. Pale palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, mivinje ikastahimili, na majani yake yalipokataa kuoza akaleta majongoo wayatafune. Majongoo ndio waliotengeneza udongo wa ule msitu mnaouona leo. Watoto wangu waliporudi kutoka pale hawakukanyaga jongoo tena.

Juu ya kila tuta weka matandazo: makuti yaliyokatwakatwa, majani ya mvinje, nyasi kavu zisizo na mbegu. Matandazo ya vidole vinne hupunguza sana kukauka kwa tuta, na zamu ya asubuhi ikikosekana siku moja mboga hazifi.

Kama mnategemea kisima, kionje. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Chukua mbegu ishirini za maharagwe, kumi zimwagilie maji ya kisima, kumi maji ya mvua, kwa siku kumi. Tofauti utaiona kwa macho. Maharagwe, karoti na vitunguu havivumilii chumvi. Spinachi huvumilia zaidi, na mnazi zaidi ya hapo.

Hatua ya 7: Panda kwa kalenda, gawa kwa daftari

Kabla ya masika, mwishoni mwa Machi, sia mchicha, kunde, mabenda na mnavu. Mchicha na majani ya kunde huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo watoto wanaona matunda ya kazi kabla hamu haijaisha. Mabenda huchukua kama miezi miwili. Biringani na pilipili ziatike kitaluni zikatoe mazao muhula wa pili. Septemba na Oktoba, mnapoelekea likizo ndefu, badilisha mawazo: punguza mboga zinazokunywa sana, ongeza matembele, kunde, mihogo na mbaazi, vitu ambavyo zamu ikilegea siku mbili havikasiriki. Shule nyingi hupanda sukuma wiki kila mahali kwa sababu mbegu zake ziko kila duka. Kwa joto la Desemba sukuma ni mateso kwake na kwenu.

Wadudu: kunde hushambuliwa na vidukari. Twanga kilo moja ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyizia jioni jua likiwa limeshuka. Mbuzi: zungushia bustani ua. Hakuna dawa nyingine ya mbuzi.

Sasa mavuno. Amueni mgawo kabla ya kupanda na muuandike kwenye ule ukurasa mmoja. Wakati wa muhula, sufuria ya chakula cha mchana ndiyo ya kwanza. Mchicha wa nazi ukiingia kwenye pure (mahindi na maharagwe) ya Jumatano, kila mtoto anajua bustani ni yake. Wakati wa likizo, anayemwagilia huchuma mboga za nyumba yake siku ya zamu yake. Usimwonee choyo. Fungu hilo la mama mmoja ndilo linalomleta Jumanne ya mvua.

Ziada huuzwa. Hapa kanisa lina soko ambalo hata Kongowea haliwezi kukupa: watu wamesimama uani baada ya ibada, wana njaa ya mchana na hawana haraka. Weka meza ya mboga, fungu kwa bei ya mama mboga wa mtaani, usiuze rahisi kuliko yeye ukamharibia riziki. Mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa shukrani za mavuno, peleka boga kubwa au papai kwenye mnada. Nimeona boga moja likinunuliwa, likarudishwa, likanunuliwa tena mara nne, na kila aliyelinunua alitabasamu.

Lakini pesa hizo zisiguse sadaka. Asije mtu akasema "zitie kapuni tutazitenga baadaye". Ziwe na daftari lake, watunzaji wawili, mmoja wa shule na mmoja wa kanisa, na zipelekwe kwenye akaunti ya shule wiki hiyo hiyo na risiti ibandikwe. Kwenye mkutano wa wazazi wa kila muhula, mmoja wa hao wawili asimame asome: tuliuza hivi, tulinunua mbegu hizi, kimebaki hiki. Hata ikiwa kimebaki shilingi mia tatu. Tulipoanza kusoma hesabu kwa sauti, manung'uniko yaliisha.

Mbegu nazo ziwekeni wenyewe. Acheni mimea michache ya mchicha, kunde na mabenda iliyo na afya kuliko mingine ikomae, kausheni mbegu kivulini, ziwekwe kwenye chupa kavu yenye tarehe.

Hatua ya 8: Kabla padri hajahamishwa

Mapadri na wachungaji huhamishwa. Walimu wakuu huhamishwa. Mwalimu mlezi huhamishwa kwa barua ya siku chache. Ushirikiano uliojengwa juu ya urafiki wa watu wawili huondoka na lori la kubebea vyombo vyao. Ndiyo sababu nimesisitiza sahihi ya mwenyekiti wa kikundi: akina mama wa jumuiya hawahamishwi, wanaishi pale.

Daftari la bustani liwe moja, lisitoke shuleni, na ndani yake kuwe na ramani ya matuta, orodha ya zamu, ule ukurasa wa makubaliano na kumbukumbu za kila wiki. Kiongozi mpya akija, upande wowote, apelekwe bustanini ndani ya mwezi wa kwanza na wanafunzi, si na watu wazima, wamtembeze tuta kwa tuta. Kisha asome makubaliano na kutia sahihi yake chini ya ile ya aliyeondoka.

Siku ya kufungua shule Januari, kabla ya gwaride la asubuhi, zunguka na mwenyekiti wa kikundi na wanafunzi wawili. Hesabuni matuta yaliyo hai na yaliyokufa. Gonga tangi usikie maji yamefika wapi. Andikeni tarehe, idadi, na majina ya wote walioshika zamu likizo nzima, Waislamu na Wakristo katika orodha moja. Mwalimu mkuu ayasome majina hayo gwarideni, na kila aliyetajwa apelekewe nyumbani fungu la kwanza la mchicha mpya, likibebwa na mtoto.